Fonti ya kihariri cha msimbo: jinsi ya kuibadilisha, na cha kufanya inapokataa kubadilika

Ukifungua kihariri kipya cha msimbo kwa mara ya kwanza, tayari kina herufi za aina fulani na za ukubwa fulani, ambazo hukuzichagua wewe. Hizo ndizo chaguo-msingi. Wapo wanaoishi nazo miaka, wakikunja uso mbele ya skrini na kudhani macho ndiyo yamechoka. Wapo pia wanaoamua kubadilisha: wanaandika jina la fonti mpya, wanahifadhi faili, na hakuna kinachotokea. Mwongozo huu unawafaa wote, ila nimewafikiria zaidi hawa wa pili.

Nitaeleza kwa kutumia Visual Studio Code, ambayo wengi tunaiita VS Code kwa mkato. Vihariri vingine nitavigusa mwishoni, kwa sababu ukishaelewa kimoja, vingine vinabaki kuwa suala la kujua menyu iko wapi.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kugusa kibodi: chaguo-msingi halibadilishwi, hufunikwa. Unachoandika wewe kinalala juu yake kama kitambaa juu ya meza. Ukitoa kitambaa, meza iko palepale. Na juu ya kitambaa chako mtu mwingine anaweza kutandika cha kwake. Karibu matatizo yote ya fonti niliyowahi kuyaona yalitokana na kutojua ni kitambaa kipi kiko juu.

Hatua ya 1: Tazama ulichopewa

Bonyeza Ctrl+Shift+P (kwenye Mac, Cmd+Shift+P), kisha andika *Open Default Settings*. Chagua jibu linalotokea. Litafunguka faili refu sana ambalo unaweza kulisoma lakini huwezi kuliandika. Bonyeza Ctrl+F utafute `editor.fontFamily`.

Kwenye Windows utakuta hivi:

```
Consolas, 'Courier New', monospace
```

Kwenye Mac:

```
Menlo, Monaco, 'Courier New', monospace
```

Kwenye Linux:

```
'Droid Sans Mono', 'monospace', monospace
```

Ukubwa, yaani `editor.fontSize`, ni 14 kwenye Windows na Linux, na 12 kwenye Mac. Ndiyo maana mtu akihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huona msimbo wake umesinyaa au umevimba ilhali hajagusa kitu.

Orodha hiyo ya majina isikuchanganye. Fonti hizo hazitumiki zote kwa pamoja, zimepanga foleni. Kihariri kinauliza kompyuta: unayo ya kwanza? Ikiwepo, hiyo hiyo. Isipokuwepo, kinauliza ya pili. Neno la mwisho, `monospace`, si jina la fonti bali ni ombi: nipe yoyote uliyo nayo yenye upana sawa, yaani ile ambayo herufi *i* na herufi *m* huchukua nafasi ileile. Upana huo sawa ndio unaofanya mistari ya msimbo ikae wima moja chini ya nyingine.

Foleni hiyo hufanya kazi hata kwa herufi mojamoja. Fonti ya kwanza ikiwa haina alama fulani, alama hiyo pekee huchukuliwa kutoka kwa inayofuata. Kwa hiyo ukiona mstari mmoja una herufi nene na katikati yake alama moja iliyokonda, hakuna kilichoharibika. Kwa jambo hilohilo, maandishi yako yote yakikonda ghafla, shuku Courier New. Courier ni mwandiko wa mashine za chapa za miaka ya 1950, na Courier New kwenye skrini ni nyembamba kama uzi. Ikijitokeza bila kuitwa, maana yake fonti uliyoitaka haikuonekana na foleni imesogea.

Hatua ya 2: Chagua fonti kwa kuijaribu, si kwa kuitazama

Fonti nzuri za bure zipo nyingi: JetBrains Mono iliyotoka 2020, Cascadia Code ya Microsoft ya 2019, Source Code Pro ya Adobe ya 2012, Fira Code, IBM Plex Mono. Zote utazipata bila malipo. Mimi sina ugomvi na yoyote kati ya hizo, na Consolas yenyewe si mbaya hata kidogo. Ugomvi wangu ni na watu wanaochagua fonti kwa picha nzuri iliyokuzwa mara nne. Ichague kwa ukubwa utakaoutumia, kwenye skrini utakayoitumia, kwa mstari kama huu:

```
O0o  1lI|  {}()[]  `'’"  rn m  ,.;:  = == ===  - – _
```

Isome polepole. Je, sifuri na O zinatofautika bila kukodoa macho? Je, moja, *l* ndogo na *I* kubwa ni vitu vitatu tofauti au ni vijiti vitatu vinavyofanana? Je, *rn* inajifanya *m*? Nukta na mkato je?

Sisi tunaoandika Kiswahili ndani ya msimbo tuna jaribio letu la ziada, nalo ni ile alama ya *ng'*. Tazama:

```python
neno = 'ng'ambo'
```

Huo mstari haufanyi kazi. Python inaona maandishi yamekwisha baada ya *ng*, kisha inakuta *ambo* likining'inia peke yake. Dawa yake ni kuzungushia alama mbili, `"ng'ambo"`. Shida huanza pale unaponakili neno kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hupenda kugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda: ’ badala ya '. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizojuana. Utatafuta *ng'ambo* kwenye faili lako na kuambiwa halimo, huku unaliona kwa macho yako. Fonti yenye ubora itakuonyesha tofauti ya alama hizo mbili, pamoja na ya tatu, ile iliyolala `. Fonti inayozichora kwa kufanana itakupotezea saa nzima. VS Code yenyewe hujaribu kusaidia kwa kuzichorea kisanduku herufi zinazoweza kuchanganywa na nyingine, lakini usitegemee kisanduku pekee.

Hatua ya 3: Isakinishe kwenye kompyuta, si kwenye kihariri

Kihariri hakina ghala lake la fonti ulizopakua. Kinaomba kutoka kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo fonti lazima iingie huko kwanza.

Kwenye Windows, fungua faili la zip, bofya kwa kitufe cha kulia faili lenye mwisho wa .ttf, kisha chagua *Install*. Ipo pia *Install for all users*. Itumie kama una ruhusa ya msimamizi, kwa sababu baadhi ya programu hazizioni fonti zilizosakinishwa kwa mtumiaji mmoja. Kwenye Mac, bofya faili mara mbili, itafunguka Font Book, sakinisha. Kwenye Linux, weka faili ndani ya `~/.local/share/fonts` halafu andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

```
fc-cache -f
fc-list | grep -i jetbrains
```

Amri ya pili ikileta majina, fonti imeingia. Isipoleta kitu, rudi uangalie folda.

Baada ya hapo funga kihariri kabisa na ukifungue upya. Kufunga faili moja au kupakia upya dirisha si mara zote kunatosha, maana orodha ya fonti husomwa programu inapoanza.

Hatua ya 4: Pata jina lake la kweli

Hapa ndipo wengi hukwama. Faili linaitwa `JetBrainsMono-Regular.ttf`. Mtu analichukua jina hilo kama lilivyo, au analiondoa mkia na kuandika `JetBrainsMono`. Vyote viwili si jina la fonti. Jina lake ni `JetBrains Mono`, lenye nafasi katikati. Jina la faili ni la faili. Jina la familia ya fonti limeandikwa ndani ya faili, na hilo ndilo kihariri kinalotafuta.

Ubaya ni kwamba ukikosea, kihariri hakisemi neno. Hakuna mstari mwekundu, hakuna onyo. Kinasogea kwenye foleni kimyakimya na kukupa kinachofuata. Kwa hiyo usikisie. Fungua orodha ya fonti ya mfumo wako (Font Book kwenye Mac, ukurasa wa *Fonts* kwenye mipangilio ya Windows, `fc-list` kwenye Linux), tafuta fonti yako, unakili jina la familia herufi kwa herufi.

Hatua ya 5: Andika mpangilio wako

Bonyeza tena Ctrl+Shift+P, andika *Open User Settings*, na uchague lile jibu lenye neno JSON. Unaweza pia kutumia Ctrl pamoja na alama ya mkato, inayofungua ukurasa wa mipangilio wenye visanduku, lakini mimi napendelea faili kwa sababu naona kila nilichobadilisha mahali pamoja.

```json
{
  "editor.fontFamily": "'JetBrains Mono', Consolas, Menlo, monospace",
  "editor.fontSize": 15,
  "editor.lineHeight": 1.5
}
```

Alama za nje ni mbili, za ndani ni moja. Zile za ndani zinalishika pamoja jina lenye nafasi. Baada ya jina lako ninaacha Consolas na Menlo kwa makusudi: siku faili hili likifika kwenye kompyuta isiyo na JetBrains Mono, nitaangukia mahali pazuri. Na `monospace` haiondoki mwishoni. Hakuna jina hata moja likipatikana, hiyo ndiyo inayoomba fonti ya upana sawa, ili msimbo wako usionekane kama barua.

`editor.lineHeight` ina tabia ya ajabu kidogo. Ukiandika 0, kihariri kinajipimia chenyewe. Ukiandika namba ndogo kuliko 8, inazidishwa kwa ukubwa wa fonti, hivyo 1.5 kwa fonti ya 15 ni 22.5. Ukiandika 8 au zaidi, inachukuliwa kama kipimo kamili. Kwa hiyo anayeandika 10 akitaka nafasi kubwa hupata mistari iliyopandana migongoni.

Unene wa herufi uko kwenye `editor.fontWeight`. Kama fonti yako inaonekana imefifia kwenye mandhari meupe, jaribu `"500"` kabla hujaongeza ukubwa.

Kuna pia `editor.fontLigatures`, ambayo huja imezimwa. Ukiiwasha kwa fonti kama Fira Code, alama zinazofuatana huunganishwa kuwa mchoro mmoja: `!=` inakuwa sawa yenye mkwaju, `=>` inakuwa mshale kamili. Ni mchoro tu. Ndani ya faili herufi zinabaki mbili. Wapo wanaozipenda sana. Kwa anayejifunza ningemwambia aziache kwanza, mpaka vidole vyake vizoee kwamba `==` na `===` ni vitu viwili.

Ukitaka kurudi kwenye chaguo-msingi, usiandike tena majina ya Consolas na wenzake. Futa mstari. Meza iko palepale.

Hatua ya 6: Hakikisha kwa ushahidi

Kwenye menyu ya *Help* kuna *Toggle Developer Tools*. VS Code imejengwa juu ya teknolojia ya kivinjari, kwa hiyo ina zana zilezile za kuchungulia. Bofya kile kimshale cha juu kushoto cha kuchagulia, bofya neno lolote kwenye msimbo wako, kisha fungua kichupo cha *Computed* na ushuke hadi chini kabisa. Hapo pameandikwa *Rendered Fonts*, na jina unaloliona ndilo linalochorwa kweli. Likiwa Consolas wakati uliandika JetBrains Mono, rudi hatua ya 3 na ya 4.

Umefanya yote na bado haibadiliki

Niliwahi kupoteza jioni nzima hapa. Nilikuwa nimejiunga na mradi wa watu, nikaona herufi ni kubwa mno. Nikaenda kwenye mipangilio yangu, nikaandika 14. Hakuna. Nikaandika 10. Hakuna. Nikasakinisha kihariri upya. Hakuna! Kumbe ndani ya folda ya mradi kulikuwa na folda ndogo inaitwa `.vscode`, na ndani yake faili `settings.json` lenye mstari mmoja wa `"editor.fontSize": 20`. Kuna mtu aliwahi kuonyesha mradi ule kwenye projekta, akausahau.

Mpangilio wa mradi unafunika wa mtumiaji. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili timu ikubaliane mambo kama upana wa nafasi za mwanzo wa mstari. Fonti haina kazi humo. Macho ni ya mtu, si ya mradi. Ukiikuta, itoe, na mwambie aliyeiweka kwa upole. Njia ya haraka ya kugundua ni kufungua ukurasa wa mipangilio, kutafuta *font size*, na kusoma maandishi madogo kando ya kichwa: yatakuambia kama imebadilishwa pia kwenye *Workspace*. Ukiandika `@modified` kwenye kisanduku cha kutafutia, utaona kila mpangilio uliobadilishwa.

Tabaka lingine ni la lugha. Unaweza kuandika hivi:

```json
"[markdown]": {
  "editor.fontFamily": "Georgia, serif",
  "editor.fontSize": 17
}
```

Ni jambo zuri kwa anayeandika maelezo marefu. Lakini fahamu kwamba mpangilio wa lugha hushinda ule wa jumla kila mara, hata kama ule wa jumla umeandikwa ndani ya mradi. Kwa hiyo tatizo likiwa kwenye aina moja tu ya mafaili na mengine yako sawa, tafuta mabano ya mraba kwenye faili lako.

Halafu kuna kukuza dirisha. Ctrl na alama ya kujumlisha haiongezi fonti, inakuza dirisha zima: menyu, orodha ya mafaili, kila kitu. Mtu anaigusa kwa bahati mbaya, kisha anahangaika kupunguza `editor.fontSize` hadi 9 ili msimbo urudi kawaida, huku menyu zimevimba. Kurudisha, nenda *View*, *Appearance*, *Reset Zoom*. Wengi hujaribu Ctrl+0 kama kwenye kivinjari. Humu, sifuri ya safu ya juu inakupeleka kwenye paneli ya pembeni, na ile ya kurudisha ukubwa ni sifuri ya upande wa namba.

Terminali iliyo ndani ya kihariri hufuata fonti ya kihariri usipoiambia vinginevyo, ila ukubwa wake una mpangilio wake, `terminal.integrated.fontSize`. Ukiona vijisanduku vitupu kwenye mstari wa amri, mandhari ya terminali yako yanadai alama ambazo fonti za kawaida hazina. Sakinisha toleo lolote la Nerd Fonts, na ulitaje kwenye `terminal.integrated.fontFamily` pekee. Hakuna haja ya kubadilisha fonti ya msimbo kwa ajili ya vipicha vya terminali.

Na kama umewasha ulinganishaji wa mipangilio kati ya kompyuta zako, kinachosafiri ni jina la fonti, si fonti yenyewe. Kompyuta ya pili nayo inahitaji hatua ya 3. Ukipenda kila moja iwe na ukubwa wake, bofya kigurudumu kando ya mpangilio na uondoe tiki kwenye *Sync This Setting*.

Vihariri vingine, kwa ufupi

Sublime Text hufungua mipangilio katika pande mbili: kushoto chaguo-msingi, kulia yako. Andika kulia tu, ukitumia `"font_face"` na `"font_size"`. Ni mpangilio ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu meza na kitambaa unaviona kwa pamoja.

Kwenye Notepad++, nenda *Settings*, kisha *Style Configurator*. Chini ya *Global Styles*, chagua *Default Style* na ubadilishe fonti hapo. Ikionekana baadhi ya maneno yamebaki na fonti ya zamani, nenda *Global override*, chagua fonti yako humo pia, na uweke tiki kwenye *Enable global font*. Kila lugha humo ina mitindo yake, na bila tiki hiyo mitindo hiyo ndiyo inayoshinda.

Programu za JetBrains zina *Settings*, *Editor*, *Font*. Lakini chini ya *Color Scheme* kuna ukurasa mwingine, *Color Scheme Font*, wenye kisanduku kinachoruhusu mpango wa rangi kuja na fonti yake. Kikiwa na tiki, unachoandika kwenye ukurasa wa kwanza hakitaonekana kwenye msimbo. Anza kwa kukiangalia hicho kabla hujagusa kingine.